Msifute hesabu iliyokosea

Jumamosi moja katikati ya Machi, kijana mmoja wa Likoni alinijia na daftari lake akiwa amenyong'onyea. Alikuwa amepima jua la asubuhi ufukweni, akapiga hesabu kwa nusu saa nzima, na jibu lake likasema kwamba mimi, yeye na wenzake wanne tumesimama kwenye longitudo 129°40' Mashariki. Hapo ni visiwa vya Banda, Indonesia, nchi ya kungumanga. Likoni ipo 39°40' Mashariki. Kifutio kilikuwa tayari mkononi mwake.

Nikamzuia. "Usifute, mwanangu. Toa 39 kwenye 129, unabaki na ngapi?"

"Tisini, Mwalimu. Tisini kamili."

"Na jua huchukua saa ngapi kutembea digrii tisini?"

Akahesabu kwa vidole, digrii 15 kwa kila saa, mpaka akafika sita. Akanyamaza. Kisha akamgeukia mwenzake aliyekuwa ameshika saa. Wakati wa kupima, kijana alipolishusha jua mpaka likagusa bahari alipiga kelele "Sasa!", na mwenzake akajibu kama ambavyo mtu yeyote wa pwani angejibu: "Saa mbili na dakika thelathini na moja, sekunde kumi na sita!" Akaandika 2:31:16. Akatoa saa tatu ili apate saa za Greenwich, akaangukia 23:31:16 ya usiku wa jana. Ilitakiwa aandike 8:31:16, atoe tatu, apate 5:31:16. Saa sita zilipotea katikati ya mdomo na kalamu, na saa sita ni digrii 90, na digrii 90 ndizo zilizotupeleka Banda.

Hakuna kitabu cha Kiingereza kitakachomwonya mwanafunzi wa Mombasa juu ya kosa hilo, kwa sababu walioandika vile vitabu hawahesabu saa kuanzia mapambazuko. Kosa ni letu, limezaliwa katika lugha yetu, na kijana yule asingelijua kamwe kama angefuta.

Nilifanya kazi melini miaka 26, nikaanza kama mwanafunzi wa sitaha na kuishia afisa wa pili. Sasa nimestaafu, na Jumamosi nafundisha vijana kupima jua na nyota kwa sekstanti mbili nilizonazo. Ninalotaka kuwaambia walimu wenzangu, wa vyuoni na wa mitaani, ni hili: tunawafundisha vijana hesabu sahihi, na hatuwafundishi kusoma hesabu iliyokosea. Mwanafunzi akikosea tunampiga mkasi kwa kalamu nyekundu, anaandika upya, tunaendelea. Hilo ni kumnyima nusu ya elimu, na kwa maoni yangu ni ile nusu iliyo kubwa.

Mwaka juzi alinijia kijana aliyemaliza masomo katika chuo kimoja ambacho sitakitaja. Karatasi zake zilikuwa safi, alama zake za juu. Lakini kila tarakimu aliyoifanyia kazi alipewa na mwalimu kutoka kitabuni: urefu wa jua, saa, tarehe, vyote vimeshapimwa na mtu mwingine, mahali pengine. Nilimpa sekstanti, akapima, akakosea kwa maili 31, akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba baba yake si baba yake. Hakujua aanzie wapi kutafuta. Chombo kibovu? Saa? Yeye? Siku ile tulikaa mpaka adhuhuri.

Niwaeleze wasiowahi kushika chombo hiki. Sekstanti hupima pembe kati ya jua na mstari ambapo bahari hukutana na mbingu. Unapima pembe, unaandika saa mpaka sekunde. Almanaki ya mabaharia inakuambia jua lilikuwa juu ya sehemu gani ya dunia kwa sekunde ile. Unajiuliza: kama ningekuwa mahali ninapodhania nipo, pembe ingekuwa ngapi? Unalinganisha na uliyoipima. Tofauti ya dakika moja ya pembe ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Uliyoipima ikiwa kubwa, mstari unaouchora kwenye ramani kuonyesha ulipo unausogeza kuelekea jua. Ikiwa ndogo, unausogeza kinyume. Njia hii aliitangaza afisa wa jeshi la majini la Ufaransa, Marcq Saint-Hilaire, mwaka 1875, na mpaka leo ndiyo tunayoifuata.

Na uzuri wake ni kwamba kosa nalo linatoka kwa maili na kwa upande. Kila kosa lina ukubwa wake na mwelekeo wake, kama nyayo mchangani. Ukizijua nyayo utamjua aliyepita.

Tofauti ikiwa maili 60, au inacheza karibu sana na hapo, mtu amesoma digrii vibaya. Ikiwa maili 32, umepima ukingo wa juu wa jua ukasahihisha kana kwamba ni wa chini, maana upana wa jua angani ni dakika 32, zikizidi kidogo Januari na kupungua kidogo Julai. Ikiwa ni mara mbili ya kosa la sifuri la sekstanti yako, yaani kile inachosoma pale inapotakiwa kusoma sifuri, basi umeongeza pale ulipotakiwa kutoa. Nami hilo ndilo lililonisumbua safari yangu ya kwanza. Sekstanti ya meli ilikuwa na kosa la dakika 3. Kanuni yake ni fupi: kwenye tao, yaani upinde wa chombo wenye alama za digrii, sifuri ikiangukia ndani, toa, ikiangukia nje, ongeza. Mimi niliongeza. Kwa siku nne kila mstari wangu ulikosea kwa maili 6, na afisa wa pili wa wakati ule, mtu mpole sana, hakuniambia neno. Aliniwekea tu mezani kurasa zangu nne zikiwa wazi, ubavu kwa ubavu, akaenda kunywa chai. Niliziangalia mpaka nikaona. Asubuhi jua lilikuwa mashariki, mistari imesogea mashariki. Jioni jua lilikuwa magharibi, mistari imesogea magharibi. Siku zote inalifuata jua.

Hapo ndipo nilipojifunza kipimo ambacho nadhani kingepaswa kuwa somo la kwanza la kila anayeanza, kabla hata ya hesabu yenyewe. Pima kitu kimoja mashariki na kingine magharibi. Kama mistari yote miwili imekosea kwa kuvifuata vitu ulivyopima, au yote miwili imevikimbia, ugonjwa upo kwenye pembe: kosa la sifuri, urefu wa jicho juu ya maji, au mkono. Kama yote imehama upande mmoja, yote mashariki au yote magharibi, ugonjwa upo kwenye saa. Saa iliyotangulia inakutupa magharibi, saa iliyochelewa inakutupa mashariki, maili moja kwa kila sekunde 4 hapa karibu na ikweta. Kwa vipimo viwili tu umekwisha kujua chumba cha kutafuta, na hujagusa hata bisibisi ya sekstanti.

Wanaoanza huikimbilia ile bisibisi. Nawaomba sana wasiiguse. Katika miaka yangu yote, kwa makosa ya wanafunzi niliyoyachunguza, chombo kilikuwa na hatia mara chache mno. Mkono, ndiyo. Anayeanza hulishusha jua mpaka liguse bahari, akaridhika, akasoma. Hakukipembeza chombo. Inatakiwa uipindishe sekstanti kidogo kulia na kushoto, jua libembee kama pembea ya mtoto, na pale linaposhuka chini kabisa ndipo liguse maji. Asiyepembeza hushika chombo kikiwa kimeinama, na pembe aliyoisoma huwa kubwa kuliko ya kweli. Huwa kubwa siku zote, haiwi ndogo hata mara moja. Basi mistari yake yote italifuata jua, lakini kwa maili zinazobadilika, leo 4, kesho 11. Kosa la sifuri likilifuata jua, hulifuata kwa maili zilezile kila siku. Tofauti hiyo ndogo inatosha kumtambulisha mkosaji.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Vitabu vyetu vimeandikwa na watu wa latitudo 50, na sisi tunavisoma latitudo 4 Kusini. Wanasema jua la adhuhuri hutulia angani kwa dakika kadhaa, unalipima bila haraka, unapata latitudo yako. Njoo ulipime Mombasa karibu na tarehe 10 Machi au 3 Oktoba, siku ambazo jua hupita utosini kwetu. Halitulii. Dakika chache kabla lipo mashariki, dakika chache baadaye lipo magharibi, na katikati mwanafunzi anazunguka na sekstanti kama kishada, hajui alishushie upande gani wa bahari. Akipata jibu la ajabu hulaumu mikono yake. Mikono haina kosa. Jua likiwa juu kiasi hicho, hata mstari wenyewe hauwi mnyoofu tena, ni kipande cha duara dogo, na ukiuchora kwa rula utapotea. Mwambieni aache adhuhuri, apime saa mbili au saa tatu asubuhi.

Na vitabu hivyo vinaposema jua la adhuhuri liko kusini, kwetu mwezi Juni na Julai liko kaskazini. Mwanafunzi anayeifuata kanuni ya kitabu bila kuinua macho ataongeza pale pa kutoa. Vilevile kosa la saa: dakika moja ya saa, Uingereza kule latitudo 50, haiwezi kumkosesha mtu zaidi ya maili 10 hivi. Hapa kwetu, jua likiwa mashariki, dakika hiyohiyo ni maili 15 karibu kamili. Hakuna watu duniani wanaohitaji saa sahihi kuliko sisi wa ikweta, nami bado naona vijana wanakuja na saa waliyoirekebisha kwa kutazama ukuta wa msikiti.

Hata maji yetu yana neno. Mtu aliyesimama kwenye ukuta wa ufukweni wakati wa bamvua, maji yamejaa, jicho lake liko pengine mita 2 juu ya bahari. Saa sita baadaye maji yamekupwa zaidi ya mita 3, na yeye kasimama palepale, jicho sasa liko mita 5. Kusahihisha urefu wa jicho huhitaji dakika 2.5 za pembe asubuhi na dakika 3.9 mchana. Maili moja na nusu imeingia, na mtu hakusogea hata hatua. Binti mmoja aliniuliza kwa nini vipimo vyake vya mchana vimezidi vya asubuhi. Nilimwonyesha mstari wa chumvi kwenye ukuta. Hakuhitaji maelezo zaidi.

Vijana huniambia: Mwalimu, simu inapiga hesabu yote hii kwa sekunde mbili. Ni kweli, nami siwakatazi. Programu haikosei kujumlisha. Ila haijui kwamba ulipima ukingo wa juu, haijui kwamba hukupembeza, haijui kwamba saa mbili yako ni saa nane ya mwenzako. Inapokea uongo kwa adabu na kuurudisha ukiwa na desimali. Aliyepiga hesabu kwa mkono ana mahali pa kurudi kutafuta, mstari kwa mstari. Mwenye programu ana jibu tu.

Wengine huuliza kwa nini kujisumbua wakati GPS ipo. Miaka ya karibuni meli zinazopita Bahari ya Shamu na Ghuba zimeripoti ishara za GPS kuvurugwa, chombo kwenye skrini kikionekana nchi kavu. Baharia wetu wa Lamu, Tanga au Unguja huajiriwa kwenye meli hizohizo. Chuo cha jeshi la majini la Marekani kilikuwa kimeliacha somo la nyota, kikalirudisha mwaka 2015. Sitaki kulikuza hilo zaidi. Mwenye kutaka kuelewa ameelewa.

Nataka badala yake nimtaje Thomas Sumner, nahodha wa Marekani. Tarehe 17 Desemba 1837 alikuwa anakaribia pwani ya Ireland kutoka Charleston, siku kadhaa bila kuona jua, upepo unamsukuma kuelekea nchi kavu. Mnamo saa nne asubuhi jua likachungulia, akapata kipimo kimoja. Latitudo yake hakuiamini. Mtu mwingine angechukua ile aliyonayo, akapata jibu moja na kuliombea dua. Sumner alijiuliza: na kama nimekosea kwa dakika 10? Akapiga hesabu upya. Na kama ni 20? Akapiga tena. Akaziweka nukta tatu kwenye ramani, na zote zikakaa kwenye mstari mmoja, mstari uliopita kwenye taa ya Smalls. Akaufuata mstari, na kabla ya saa moja kupita akaiona taa. Mistari yote tunayoichora leo imezaliwa pale, kwa mtu aliyeshughulika na kosa lake badala ya kulificha.

Hata jina la Mwalimu ninaloitwa na vijana hawa lina asili ya baharini. Katika vyombo vya zamani vya Bahari ya Hindi, muallim ndiye aliyeongoza chombo kwa nyota. Walipima kwa kamal, kibao chenye uzi wa mafundo, na nyota waliyoiita Suheli ndiyo ambayo almanaki ya leo huandika Canopus. Wanafunzi wangu hushangaa wakiambiwa kwamba majina mengi katika orodha ya nyota 57 za almanaki yametoka Kiarabu, na mengine bibi zao wangeweza kuyatambua.

Ombi langu kwa walimu ni dogo na halina gharama. Mpeni mwanafunzi alama kwa kosa alilolifumbua mwenyewe, na alama hizo ziwe nyingi kuliko za jibu lililotoka sawa mara ya kwanza. Mwambieni atumie kalamu ya wino. Na mfundisheni kupima mara tano mfululizo, asipime mara moja, kisha azichore nukta tano kwenye karatasi ya miraba. Jua la asubuhi kwetu hupanda karibu dakika 15 za pembe kila dakika ya saa, kwa hiyo nukta tano lazima zikae kwenye mstari mmoja unaopanda. Iliyotoka nje ya mstari imejitaja yenyewe kabla hujafungua almanaki.

Jumamosi iliyopita binti yule wa mstari wa chumvi alipima mara tano. 30°12', 30°28', 30°42', 31°59', 31°13'. Alichora nukta, akaitazama ya nne, akasema kwa sauti ya kujiuliza, "Jua la asubuhi haliwezi kupanda halafu likashuka." Akachukua sekstanti, akairudisha kwenye pembe ile, akaisogeza karibu na jicho. Kwenye tao, alama ilikuwa imekaribia kabisa kugusa 31, kama saa inayokaribia kugonga. Kwenye gurudumu la dakika palisomeka 59. Alama haikuwa imefika 31, ilikuwa imebakiza dakika moja. Digrii 30 na dakika 59. Akaandika pembeni, kwa wino, "nilisoma 31 kabla haijafika", akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya ile ya zamani ili iendelee kusomeka.

Kisha akaendelea na hesabu. Ikatoka na tofauti ya maili 32, kuelekea jua.

Sikusema kitu. Aliinamia daftari, akatazama juu kwenye wingu lililokuwa bado limening'inia mashariki, lile lililokuwa limefunika nusu ya chini ya jua alipokuwa akipima, akarudi kwenye ukurasa wa masahihisho na kuanza kutafuta safu ya ukingo wa juu.